PAUL REVERE, SONARA ALIYELIPIGANIA JINA LAKE

Mwezi wa Februari, 1782, mjini Boston huko Marekani, ofisa mmoja wa kikosi cha mizinga alisimama mbele ya mahakama ya kijeshi. Alikuwa na umri wa miaka 47, baba wa watoto wengi, na kazi iliyomlisha siku zote ilikuwa usonara. Alishtakiwa kwamba alikataa amri ya mkubwa wake vitani, na kwamba aliondoka mahali pa mapigano bila ruhusa. La kustaajabisha ni kwamba ofisa huyo hakuburutwa kwa nguvu mbele ya waamuzi wake. Yeye mwenyewe ndiye aliyeiomba mahakama hiyo, na aliiomba mara kwa mara kwa muda wa zaidi ya miaka miwili.

Jina lake lilikuwa Paul Revere. Ili tupate kufahamu kwa nini mtu aombe kushtakiwa, ilhali angeweza kunyamaza na kurudi zake dukani, yatupasa kwanza tuingie katika karakana yake na kutazama jinsi sonara wa zama zile alivyopata riziki.

MTOTO WA MHAMIAJI

Baba yake alikuwa Mfaransa aliyeitwa Apollos Rivoire, wa jamii ya Waprotestanti waliodhulumiwa nchini mwao kwa ajili ya dini. Alifika Boston akiwa kijana wa miaka 13 tu, hana ndugu wala mali, akawekwa kuwa mwanagenzi wa John Coney, sonara mwenye sifa kubwa mjini humo. Baadaye alifungua karakana yake mwenyewe, na kwa kuwa wenyeji walishindwa kulitamka jina lake, akajiita Paul Revere. Mtoto wake wa kiume aliyezaliwa mwishoni mwa mwaka 1734, kwa hesabu ya kalenda ya zamani, alirithi jina hilo hilo.

Kijana alijifunza kusoma, kuandika na hesabu, kisha akaingia karakanani kwa baba yake kujifunza kazi. Mwaka 1754 baba alifariki dunia. Paul alikuwa na umri wa miaka 19, na sheria haikumruhusu kumiliki biashara kabla ya kutimiza miaka 21. Basi kazi ikaendeshwa kwa jina la mama yake, Deborah, nayo mikono ilikuwa ya kijana. Mwaka 1756 aliacha nyundo kwa miezi michache, akatumikia kama luteni wa mizinga katika jeshi la koloni lililopelekwa Lake George kupambana na Wafaransa. Alirudi bila ya kuonja mapigano makubwa, na mwaka uliofuata akamwoa Sarah Orne na kuishika biashara kwa jina lake mwenyewe.

KAZI NA HESABU ZAKE

Karakana ya sonara wa Boston ilikuwa chumba kimoja chenye tanuri ya makaa, mivukuto, fuawe za namna namna, nyundo, koleo na tupa. Koloni halikuwa na machimbo ya fedha. Malighafi ilikuwa sarafu, hasa zile za Kihispania zilizoletwa na wafanyabiashara wa baharini, pamoja na vyombo vikuukuu vilivyochakaa. Ndivyo walivyofanya pia masonara wa Oman, walioyeyusha riale za Maria Theresa na kuzifanya bangili na mikufu. Mteja alileta sarafu zake, zikapimwa kwa mizani, kisha zikaingia katika kalibu na kuyeyuka.

Fedha iliyomiminwa ikawa kipande kizito, nacho kikagongwa mpaka kikawa bamba. Hapo ndipo subira ya sonara ilipojaribiwa. Fedha ikigongwa sana huwa ngumu, na ikizidi kugongwa hupasuka. Kwa hiyo kila baada ya muda ilirudishwa motoni mpaka ikawa nyekundu hafifu, ikapozwa, ikalainika, ikagongwa tena. Bakuli moja lilipita motoni mara nyingi kabla ya kupata umbo lake. Kwa mikufu na pete, fedha ilivutwa katika matundu ya bamba la chuma, kila tundu dogo kuliko lililotangulia, mpaka ikawa waya mwembamba. Kisha vipande vikaunganishwa kwa lehemu, vikapigwa tupa, vikasuguliwa mpaka vikang'aa, na mwisho vikatiwa nakshi kwa kalamu ya chuma.

Hati ya malipo ilikuwa na mafungu mawili yaliyotengwa. La kwanza lilikuwa thamani ya fedha kwa uzito wake, na la pili lilikuwa ujira wa mikono. Nakshi mara nyingine ilihesabiwa peke yake. Kwa njia hiyo mteja aliona wazi alichokilipia, na sonara alijua faida yake imo katika ujuzi wake wala haimo katika kupunguza uzito.

Vitabu vya hesabu vya Revere, vilivyoanza mwaka 1761 na kuendelea hadi 1797, vimehifadhiwa hata leo. Mtu akivifungua hakuti orodha ya vyombo vya fahari peke yake. Anakuta bizimu za viatu, vifungo vya nguo, pete, kastabini, vijiko vya chai, filimbi za watoto, na fremu ndogo za picha za kuvaliwa kifuani. Umo hata mkufu wa fedha uliotengenezwa kwa ajili ya kumfunga kindi aliyefugwa. Mabuli na mabakuli makubwa yaliagizwa na matajiri wachache, tena mara chache. Vitu vidogo vidogo ndivyo vilivyoifanya nyumba ile iendelee kula kila wiki.

CHAPA

Sasa tufikie jambo lililo kiini cha habari hii. Fedha safi ni laini mno, kwa hiyo huchanganywa na shaba kidogo ipate ugumu. Kipimo cha Kiingereza kilikuwa sehemu 925 za fedha katika kila 1,000, na zilizobaki shaba. Lakini mtu mwongo aweza kuzidisha shaba, na mnunuzi asitambue kwa macho. Mjini London palikuwa na nyumba maalumu ya kupimia fedha, na kila chombo kilichopita kilitiwa alama yake. Boston haikuwa na nyumba ya namna hiyo. Mlinzi pekee wa mnunuzi alikuwa chapa ya sonara iliyogongwa chini ya chombo, yaani jina lake. Revere aligonga REVERE ndani ya mstatili mdogo. Jina hilo ndilo lililokuwa dhamana yote.

Tena fedha haikuwa pambo tu. Boston haikupata benki yake hadi mwaka 1784. Mtu mwenye akiba hakuwa na mahali pa kuiweka, na sarafu zikiibwa hazitambulikani. Bali sarafu hizo zikifanywa kikombe chenye chapa ya sonara na herufi za jina la mwenyewe, mwizi amepata taabu. Magazeti ya wakati ule yalitangaza vyombo vilivyoibwa pamoja na alama zake, na masonara waliombwa wavizuie vikiletwa kuuzwa. Katika mji usiokuwa na jeshi la polisi kama tunavyolijua leo, sonara mwaminifu alikuwa msaidizi wa ulinzi wa mali za watu. Askari yeyote aliyewahi kufuatilia mali ya wizi anajua thamani ya alama isiyofutika.

SIASA NA NJAA

Baada ya vita na Wafaransa kwisha mwaka 1763, biashara ya koloni ilidorora, na mwaka 1765 Waingereza wakaleta kodi ya stempu. Watu waliacha kuagiza fedha. Revere mwenyewe alidaiwa, na mali yake ikakaribia kukamatwa. Hakukaa kitako. Mkono uliozoea kuchora nakshi kwenye fedha aliutumia kuchora mabamba ya shaba ya kupigia chapa picha na matangazo. Tangu mwaka 1768 alianza pia kutengeneza meno ya bandia na kuyafunga kinywani kwa waya, kazi aliyojifunza kwa daktari wa meno aliyepita mjini.

Mwaka huo wa 1768 alitengeneza bakuli lililo mashuhuri kuliko vyombo vyake vyote. Liliagizwa na watu 15 wa chama cha Sons of Liberty ili kuwaheshimu wajumbe 92 wa baraza la Massachusetts waliokataa kuitii amri ya Mfalme ya kuufuta waraka wa kupinga kodi. Bakuli hilo limo leo katika jumba la makumbusho la Museum of Fine Arts, Boston. Humo pia imo picha ya rangi iliyochorwa na John Singleton Copley katika miaka hiyo hiyo. Revere ameketi akiwa amevaa shati la kazi, buli la fedha mkononi, na zana za nakshi mezani. Watu wakubwa wa siku zile walipenda kuchorwa katika majoho yao. Yeye alichorwa katika kazi yake.

Haifai kuificha dosari yake. Mwezi wa Machi, 1770, askari wa Kiingereza waliwapiga risasi raia mjini Boston na kuua watano. Revere alichora bamba la tukio hilo na kuuza picha zake kwa haraka. Lakini mchoro ule aliunakili kutoka kwa kijana Henry Pelham, ambaye alilalamika kwa uchungu kwamba amenyang'anywa kazi yake. Mtu aliyeishi kwa chapa ya jina lake alistahili kuijua zaidi haki ya chapa ya mwenziwe.

USIKU WA APRILI

Mwezi wa Mei, 1773, Sarah alifariki, na kabla ya mwaka kwisha Revere akamwoa Rachel Walker. Kwa wake zake wawili alipata watoto 16, na wengine wao walikufa wangali wadogo. Mwaka huo huo, tarehe 16 Desemba, chai ya Waingereza ilitupwa baharini katika bandari ya Boston, naye alipanda farasi kupeleka habari New York. Tangu hapo akawa tarishi wa kutumainiwa wa wapigania uhuru.

Tarehe 18 Aprili, 1775, Daktari Joseph Warren alipata habari kwamba jeshi la Waingereza litatoka usiku kwenda kuteka silaha zilizowekwa Concord. Aliwatuma watu wawili kwa njia mbili tofauti, William Dawes kwa nchi kavu na Revere kwa mto. Revere alikuwa amepanga mapema kwamba taa mbili ziwashwe juu ya mnara wa kanisa ikiwa askari watavuka maji, ili habari ifike ng'ambo hata kama yeye angekamatwa. Watu wawili walimvusha kwa mashua karibu na manowari ya Kiingereza. Akaazima farasi, akaziamsha nyumba njiani, akafika Lexington yapata usiku wa manane na kuwaonya viongozi Samuel Adams na John Hancock. Alipoendelea kuelekea Concord pamoja na Dawes na Daktari Samuel Prescott, doria ya Waingereza iliwasimamisha. Revere alikamatwa, akahojiwa huku ameelekezewa bastola, kisha akaachiwa bila farasi. Aliyefika Concord ni Prescott. Hata hivyo, mapambazuko yalipofika, wanamgambo walikuwa macho.

JINO LA RAFIKI

Warren aliuawa tarehe 17 Juni, 1775, katika mapigano ya Bunker Hill, akazikwa na adui katika kaburi lisilo na alama. Waingereza walipoondoka Boston mwezi wa Machi, 1776, rafiki zake walikwenda kumtafuta. Miili iliyofukuliwa ilikuwa haitambulikani kwa sura. Revere alitazama kinywani mwa mmoja, akaona jino la bandia na waya alioufunga kwa mikono yake mwenyewe. Akasema kwa yakini kwamba huyo ndiye. Kutambua maiti kwa meno, kazi inayofanywa siku hizi na polisi wa dunia nzima, kunahesabiwa na wengi kuwa na mfano wake wa mapema katika tukio hilo. Mwaka 1777 Revere alimpa mwanawe jina la Joseph Warren.

PENOBSCOT

Katika vita Revere alitumikia kwa namna nyingi. Alichora mabamba ya kupigia noti za Massachusetts, akasaidia kuanzisha kiwanda cha baruti, akapewa cheo cha Luteni Kanali wa mizinga na ulinzi wa ngome iliyokuwa kisiwani katika bandari ya Boston.

Mwaka 1779 Waingereza walianza kujenga ngome penye mlango wa mto Penobscot. Massachusetts ilipeleka meli zipatazo 40 na wanamgambo karibu 1,000 kuwafukuza. Ngome ilikuwa bado haijakwisha kujengwa, na shambulio la haraka pengine lingefaulu. Lakini kamanda wa meli, Dudley Saltonstall, alitaka ngome itekwe kwanza, na Jenerali Solomon Lovell wa nchi kavu alitaka meli za adui ziharibiwe kwanza. Mabaraza ya maofisa yalikaa na kukaa tena, wiki zikapita. Mwezi wa Agosti manowari za kuwaokoa Waingereza zikatokea. Wamarekani walikimbilia juu ya mto, wakazichoma au kuzizamisha meli zao wenyewe au kuziacha mikononi mwa adui, wakarudi makwao kwa miguu wakipita misituni.

Katika fujo hiyo Jenerali Peleg Wadsworth aliamuru mashua iliyokuwa chini ya Revere iende kuwaokoa mabaharia wa chombo kilichokuwa kikisukumwa na maji kuelekea kwa adui. Revere alipinga kwanza, kwa sababu mizigo yake ilikuwamo ndani. Mwishowe mashua ilikwenda, lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka kinywani. Baadaye alipotezana na askari wake, akawatafuta, kisha akarejea Boston. Mwezi wa Septemba kapteni mmoja wa askari wa majini alimshtaki kwa ukaidi na woga. Alivuliwa uongozi wa ngome na kuamriwa akae nyumbani.

Tume ya uchunguzi ilimlaumu zaidi Saltonstall, lakini haikumsafisha Revere. Wengine wangeridhika. Vita ilikuwa inaendelea, watu walikuwa na mengi ya kufikiri, na duka lilimngoja. Yeye alijua jambo ambalo sonara huliona kila siku. Fedha iliyotiliwa shaka haiwezi kujitetea kwa maneno. Haina budi irudi motoni na ipimwe mbele ya mashahidi. Akaandika maombi baada ya maombi, akitaka mahakama kamili, mashahidi waitwe, na hukumu iandikwe.

Mahakama ilipoketi mwaka 1782, ilipima mashtaka mawili. Katika la mashua ilimwachilia, kwa kuwa mashua ile hatimaye ilitolewa. Katika la kuondoka bila amri ilimwona hana hatia, kwa sababu jeshi zima lilikuwa limetawanyika hata amri za kawaida zisiweze kutolewa. Aliachiliwa kwa heshima sawa na maofisa wenziwe. Hukumu hiyo haikumfanya shujaa wa Penobscot, kwani Penobscot haikuwa na mashujaa wengi. Ilimrudishia jina lake tu, na hilo ndilo alilolitaka.

BAADA YA VITA

Jina likiwa safi, biashara ilisimama upya. Mwaka 1785 alipata mashine ya kusokota bamba za fedha ziwe nyembamba na sawasawa. Mabuli ambayo zamani yalihitaji siku nyingi za nyundo sasa yalikatwa katika bamba na kuunganishwa kwa lehemu. Bei ikapungua, wanunuzi wa hali ya kati wakaongezeka, na bado kila chombo kikatoka na chapa ile ile.

Alipoona kwamba vyuma vingine vyaweza kuleta faida kubwa zaidi, alimwachia mwanawe Paul sehemu kubwa ya kazi ya fedha. Mwaka 1788 alifungua tanuri ya kuyeyushia chuma, na mwaka 1792 akaanza kutengeneza kengele. Kengele yake ya kwanza, watu walisema, ilikuwa na sauti ya kukwaruza. Hakuacha. Alitengeneza mizinga, na pini za shaba za manowari USS Constitution. Mwaka 1801, akiwa na umri wa miaka 66, alianzisha huko Canton kiwanda cha kwanza Marekani kilichofaulu kusokota mabamba ya shaba. Mabamba yake yaliezeka kuba la jumba la serikali ya Massachusetts, na mwaka 1803 yakavika tumbo la USS Constitution. Katika miaka ya 1796 hadi 1801 alikuwa pia ofisa wa kuchunguza vifo vya ghafula katika wilaya yake, kazi iliyomfaa mtu aliyekwisha kumtambua rafiki yake kwa jino.

Aliacha kazi mwaka 1811, akafariki tarehe 10 Mei, 1818, akiwa na umri wa miaka 83. Alizikwa Boston, na nyumba aliyoinunua mwaka 1770 ingali imesimama.

Sifa yake ya usiku wa Aprili ilienea duniani baada ya mwaka 1861, kwa utenzi wa mshairi Henry Wadsworth Longfellow, uliomsifu hata kwa kufika Concord, mahali ambapo usiku ule hakufika. Mama yake mshairi huyo alikuwa binti wa Peleg Wadsworth, yule jenerali wa mashua ya Penobscot. Babu alimwandikia Revere lawama, mjukuu akamwandikia sifa kupita kiasi. Kati ya hayo mawili zimebaki karatasi za mahakama aliyoiomba mwenyewe, na vijiko, pete na bizimu zenye neno moja dogo lililogongwa kwenye fedha, ambalo kwa zaidi ya miaka 200 halijamdanganya mnunuzi.